Tarakimu ya Nane

Honda nyekundu ilikata kona ya Hamagiri kwa kasi ya mtu aliyekwisha andika wosia. Natsuno Kuroiwa alikuwa mita kumi nyuma yake, kifua kimelala juu ya tangi la Suzuki.

Hakupunguza mwendo.

Aliigonga ubavuni.

Pikipiki zote mbili zikaserereka kwenye lami, cheche zikiruka. Tarishi aliyekuwa juu ya Honda aliinuka na kisu mkononi. Kisu kikapasua koti la ngozi, kikaonja nyama. Natsuno akaudaka mkono ule, akauzungusha. Ka! Mfupa ukaitika. Akamshindilia goti usoni, mara ya kwanza, mara ya pili, mpaka meno mawili yakadondoka barabarani.

Akapekua mkoba.

Mtupu.

"Umechelewa, dada," jamaa alicheka, damu ikimchuruzika kidevuni. "Mzigo uko kwa mwenyewe tangu juzi."

"Mwenyewe ni nani?"

"Kaiulize roketi ikirudi."

Natsuno akamlaza kwa kitako cha bastola, akamfunga pingu kwenye ukingo wa chuma wa barabara. Akagusa kidude cha sikioni.

"Kipanga kwa Kiota. Mkoba mtupu. Maktaba bandia ya hisabati imeshaingizwa kwenye kompyuta."

"Kiota nakupata." Ilikuwa sauti ya mkuu wake wa upelelezi, Ibaragi. "Nani kaipokea?"

"Chumba cha hesabu kina watu wawili tu. Mzee Uchibori na msaidizi wake, Tezuka. Ni mmoja wao."

"Roketi inaruka saa nne kamili. Nawapigia mnara wa kurushia wasimamishe."

"Zimebaki dakika kumi na nne, Mkuu. Robo saa ya mwisho hawapokei simu ya nje hata akipiga waziri. Unawajua."

"Watoto wa chekechea wamepangwa kwenye ukuta wa bahari na vibendera vyao," Ibaragi alisema taratibu. "Roketi ikipotea njia, inaangukia palepale."

"Najua. Wangu yumo."

Akaiinua Suzuki, akaipiga teke la kuiwasha.

Wiki tatu nzima Natsuno alikuwa amepiga deki chumba kile, kitambaa cha mfagizi kichwani. Kompyuta hakuijua. Masikio alikuwa nayo.

Alijua kwamba programu ya njia ya roketi aliiandika Mzee Uchibori kwa Fortran, lugha ya kompyuta ya kizamani, miaka thelathini iliyopita. Programu ile ilipotaka sini ya pembe, ile ya hesabu za pembetatu, haikuhangaika yenyewe. Iliita kanuni kutoka maktaba ya hisabati, ikarudishiwa jibu la usahihi maradufu, tarakimu kumi na tano. Maktaba bandia ilirudisha usahihi wa kawaida: tarakimu saba za kweli, mkiani takataka. Kosa jembamba kama unywele. Ila sini huitwa mamilioni ya mara kabla roketi haijafika mawinguni, na nywele milioni husokotwa kamba ya kunyongea watu.

Ndiyo maana kila asubuhi mzee aliijaribu maktaba kwa sini ya moja. Kisha, kama dereva wa treni anayesoma taa ya njia, alinyoosha kidole mpaka kwenye kioo na kutamka tarakimu moja moja kwa sauti. Zote kumi na tano. Natsuno alikuwa akicheka ndani ya ndoo yake. Lakini wimbo ule ulimkaa kichwani.

Kidude cha sikioni, kilichounganishwa kwa siri na waya wa simu ya chumba kile, kikakoroma.

"Chumba cha hesabu, thibitisheni," mnara uliita.

"Tezuka hapa. Mzee tumbo limemshika. Sini ya moja: sifuri nukta nane, nne, moja, nne, saba, sifuri, tisa. Sawasawa!"

"Sawasawa. Asante."

Natsuno aliisokota gesi ya Suzuki mpaka mwisho.

Saba. Kaishia saba.

Kule mnarani walisikia wimbo, hawakuhesabu beti. Yeye alihesabu. Mzee Uchibori hata akiwa na homa ya kuweweseka alifika kumi na tano.

Mlango wa chumba cha hesabu uliruka na bawaba zake.

Tezuka aligeuka, bastola yenye kiziba sauti mkononi. Akamtambua. Akatabasamu.

"Mama wa deki! Leo umesahau ndoo?"

"Nimekuja kuzoa takataka."

Puf! Risasi ikamkosa, ikaipasua simu ya waya ukutani. Njia ya pekee ya kuufikia mnara ikafa pale pale. Puf! Ya pili ikamchana bega. Natsuno aling'oa mtungi wa kuzimia moto, akautupa. Ukampata Tezuka kifuani, mbavu zikalia. Wakaangukiana juu ya viti. Tezuka akamkaba koo kwa mikono miwili, macho ya Natsuno yakaanza kuona giza. Mkono wake ukapapasa sakafuni, ukakutana na kipande cha kioo cha mlango uliovunjika.

Akakizamisha shingoni.

Tezuka alirusha miguu mara tatu. Basi.

Ndani ya kabati la mafaili kitu kilikuwa kinagonga. Alimkuta mzee amekunjwa humo, miwani imevunjika, vidole vyote kumi vimepinda kama matawi yaliyokanyagwa.

"Alitaka neno la siri," mzee alinong'ona. "Nilimpa kwenye kidole cha kumi. Muda gani umebaki?"

"Dakika saba."

"Basi chapa wewe, binti yangu."

"Mzee, mimi ni mtu wa deki!"

"Na deki yako siku zote iliacha pembe za chumba. Leo usiache."

Kwenye kioo, tarakimu ya nane ilikuwa tano, siyo ile ya wimbo wa mzee. Natsuno alikaa, damu ya bega ikidondokea vitufe.

"Tafuta mstari unaotaja maktaba. Umeuona? Futa jina hilo. Andika langu, halafu sifuri moja. Ni nakala ya zamani. Mke wangu hunicheka kwamba situpi kitu."

"Nimeandika."

"Ijenge programu upya."

Dakika nne. Mashine ilitafuna na kutafuna. Natsuno alimwona mwanawe Kozue akilini, miaka mitano, kibendera mkononi.

Kioo kikamulika.

"Imetoka, mzee! Sawa!"

"Sawa gani? Nyoosha kidole. Tamka."

Akanyoosha kidole chenye damu.

"Nane. Nne. Moja. Nne. Saba. Sifuri. Tisa." Akasogeza kidole. "Nane."

Mzee akafumba macho. "Endelea."

"Nne. Nane. Sifuri. Saba. Nane. Tisa. Saba."

"Sawasawa," mzee akasema, akalia kama mtoto.

Sekunde hamsini baadaye jengo zima lilitetemeka. Roketi ilipanda, ikainama taratibu kuelekea bahari kuu, ikazama ndani ya mbingu.

"Kipanga, hali?"

"Takataka zimezolewa. Leteni daktari wa mifupa."

Alinawa mikono, akafunga zipu ya koti mpaka kidevuni, akateremka kwenye ukuta wa bahari kwa miguu.

"Mama! Umechelewa, imeshapita!"

"Niliiona kwa nyuma."

Walipofika barabarani Kozue alisimama kwenye mistari myeupe, akanyoosha kidole kama walivyofundishwa chekechea. "Kulia, sawa! Kushoto, sawa! Mama, na wewe!"

Natsuno alinyoosha kidole. Chini ya ukucha palikuwa bado pekundu.

Akatazama kulia. Akatazama kushoto. Akatazama kulia tena.

"Sawasawa," akasema.

Wakavuka.