Hodi Mbele ya Picha ya Bibi

Jioni ile, katika makumbusho ya ughaibuni alikofanya usafi, Sidonie alibakiza chumba kimoja tu cha kupiga deki, kisha akimbilie treni ya metro, awahi nyumbani mtaa wa Saint-Gilles. Bintiye Hadassa, wa miaka sita, alikuwa na homa, na jirani aliyemwangalia alikuwa ameshaenda kazini. Mtoto alikuwa peke yake.

Makumbusho yale nayo yalikuwa na mambo yake. Sanamu za mbao za Buddha zilitazamana na michoro ya Wazungu wa kale. Sidonie, Mkatanga aliyelelewa akaleleka, haingii chumbani bila kupiga hodi, hata kama hamna mtu. Djibril, mlinzi kutoka Bujumbura, humcheka kila siku. Hadassa naye kafundishwa hivyo hivyo.

"Hodi," akasema, akisukuma ndoo.

"Karibu..."

Sauti ya kikongwe.

"Djibril, alors, acha michezo!"

Akachungulia mlangoni, hapakuwa na mtu. Harufu ya ubani ikamjaa puani, wala hakuna aliyechoma ubani. Akainua macho kwenye picha kubwa, ile ya bibi wa Kizungu mwenye kola nyeupe, aliyeketi kitini.

Kiti kilikuwa kitupu.

Mama yangu! Sidonie alitoka mbio. Mlango ukamrudisha kwenye chumba kilekile. Akajaribu mwingine... ndoo yake ileile. Simu haishiki mtandao. Akakemea kwa jina la Yesu. Buddha mkubwa alikuwa ameinua kiganja. Djibril aliwahi kumweleza kwamba maana yake ni usiogope. Wacha we! Leo kilimwambia simama hapo hapo. Akamlilia mtoto wake kwa sauti.

Ndipo akakumbuka. Mgeni aliyekaribishwa haondoki bila kuaga.

"Maman," akanong'ona, "naomba ruhusa. Mutoto yangu iko mugonjwa, iko peke yake ku nyumba."

Ile sauti ya kikongwe ikajibu:

"Bon, haya... nitakusindikiza."

Mlango ukafunguka kwenye ngazi.

Sidonie hakugeuka nyuma hata mara moja. Metro ilijaa pomoni, watu wamesimama wamebanana, lakini kiti cha pembeni yake hakuna aliyekikalia. Harufu ya ubani ilimfuata mpaka mtaani kwake.

Aliingia, akafunga kwa ufunguo, akasukuma na komeo. Hadassa alikuwa kitandani, mzima, homa imepungua. Akamkumbatia, akashukuru Mungu.

Mlangoni, taratibu...

"Hodi."

Sidonie akaukimbiza mkono kumziba mtoto mdomo.

"Karibu!" Hadassa alishaitikia, kwa adabu zote alizofundishwa.