Kamanda Haagi

"We mzee, macho yako ya mapambo?" Tunu alifoka katikati ya stendi ya Mbezi Luis. Mwanamume mwenye suti ya kaunda iliyonyooka pasi alikuwa amelikanyaga baibui lake. Akageuka kuomba radhi, akamtambua.

"Tunu?"

"Koma! Usinitaje!"

Alikuwa Marijani, ofisa mstaafu wa jeshi la majini. Ndiye aliyemposa ujanani, kisha siku moja kabla ya harusi akapanda meli ya doria bila kuaga. Pilau likaliwa na majirani, bwana harusi yuko baharini! Aliporudi, wazazi wa Tunu walishamuoza kwingine kuficha aibu.

"Safari za kijeshi hazitangazwi," Marijani alijitetea.

"Hata 'naondoka' ni siri ya jeshi? Kwenda huko!"

Lakini namba ya simu alimpa. Ndiyo, alimpa! Mjane naye ana moyo, msinitolee macho.

"Umekula, kipenzi?" Marijani alikuwa akipiga kila jioni.

"Nimekula, nuksi wee."

Akaomba tena kumuoa.

"Sharti moja," Tunu akasema. "Ukitoka, niage. Hata ukienda dukani."

"Naapa, mpenzi."

Wiki haijaisha, rafiki yake wa melini akafariki Mtwara. Marijani akaamka alfajiri, akapiga viatu rangi, akazima simu, akaondoka kimya, kama alivyofanya miaka yote ya kazi. Ubaya hakuwa nao. Akili pia hakuwa nayo, pumbavu lile! Huku nyuma Tunu alipiga simu mpaka akachoka, akazunguka hospitali za Temeke na Kinondoni akiulizia maiti yake. Mpaka mtu mmoja akamwambia, "Kamanda? Yuko msibani, mzima wa afya."

Marijani alirudi na pete mfukoni. Mlangoni kwa Tunu, kule Tabata, akakuta kufuli.

"Kahamia Tanga kwa dada yake," jirani akamwambia. "Kwani hukujua?"

Akapiga simu papo hapo.

"Tunu, unaondokaje bila kuniaga?"

"Inauma, Kamanda?"

"Inauma, wallahi. Inauma sana."

Tunu alikuwa analia, na hakuficha.

"Mie nilikuwa na miaka ishirini, Marijani. Na hina mikononi."

Akakata simu.