Bastola Yenye Kufuli

Jioni ile Heriel alimwambia Leticia, binti anayemsaidia dukani, kwamba anatoka mara moja kwenda kununua balbu. Balbu gani ya kuvalia koti? Leticia hakuuliza. Alimwona bosi wake amebana bahasha ya kaki kwapani, akamwona anavuka Mtaa wa Sikukuu bila kujibu salamu za wauza soksi, naye akaendelea kupanga masufuria.

Ndani ya bahasha kulikuwa na kibali cha polisi cha kumiliki bastola. Heriel hakumwonyesha mtu, hata mkewe, Mama Angela. Angeulizwa anamwogopa nani, na jibu alilokuwa nalo halisemeki mbele za watu.

Basi ngoja niliseme mimi, maana yeye alichelewa.

Miezi minne nyuma, saa ya kufunga maduka, Heriel alikuwa ameshavuta geti la vyuma na kulifunga kwa ndani, anamalizia kazi zake. Nje alibaki mlinzi, Mzee Mbaruku, mtu wa Buguruni, mpole, mwenye pete nene ya fedha kidoleni. Kila jioni mzee yule aligonga geti kwa pete yake kumjulisha bosi kwamba kumetulia, anaweza kutoka. Ko. Ko. Ko. Taratibu, kama anayeomba radhi kwa usumbufu.

Jioni ile aligonga haraka.

"Bosi, nifungulie. Wako watatu."

Ufunguo ulikuwa mkononi mwa Heriel. Kutoka kwenye kaunta mpaka getini ni hatua sita, nimezihesabu mwenyewe. Hakuzipiga. Alichuchumaa nyuma ya kaunta, akaziba mdomo kwa kiganja. Alisikia mapanga. Halafu akaisikia pete inagonga tena, safari hii chini kabisa, karibu na sakafu...

Watu walipopiga kelele, wale watatu wakakimbia bila kuchukua hata kijiko. Geti lilipofunguliwa, mzee alikuwa ameshakata roho, shingo imefunguka. Jirani yake Heriel, Anuari muuza vitenge, ndiye aliyeuliza swali ambalo kila mtu alikuwa nalo: kwa nini hukumfungulia mzee wa watu?

Aibu ilimkaba Heriel pale pale. Na aibu, ndugu zangu, ikikosa pa kwenda hutafuta wa kumtwisha.

"Alikuwa nao," akasema. "Alinigongea ili nifungue, wapate kuingia."

Neno likatembea mtaa mzima kabla damu haijakauka. Liliaminika, maana lilitoka kinywani mwa mzee wa kanisa, Mchaga wa watu asiyekunywa wala kugombana. Mbaruku akazikwa na watu wachache. Hakuna mfanyabiashara hata mmoja wa mtaa ule aliyekwenda kumtupia konzi ya mchanga. Heriel mwenyewe alikuwa dukani siku hiyo, anauza masufuria kama kawaida.

Siku ya nane, saa ya kufunga, geti likagongwa.

Ko. Ko. Ko.

Akachungulia. Hakuna mtu. Kesho yake tena, na kesho kutwa. Majirani nao wakaanza kusikia, wakapeana shauri kimyakimya: ikishaadhiniwa magharibi, mtu akigonga usifungue, hata akikuita kwa jina.

Heriel alivumilia wiki tatu. Ya nne, mzee wa kanisa yule akavaa kofia ya kuficha uso, akaenda kwa mganga, Bi Swaumu, kuomba duka lizindikwe. Bi Swaumu alikuja na kifuko cheusi na jembe dogo. Kabla hajachimba kizingitini alimwuliza swali moja, kama ilivyo desturi ya kazi yake. Alimwuliza kama pana mtu yeyote, hai au mfu, aliyedhulumiwa kwenye mlango ule. Akamweleza na sababu: zindiko halichagui. Linafunga nje waliopo nje na ndani waliopo ndani, na aliye ndani hutembea na mwenye mlango kokote aendako. Kama mwenye dai yupo, kwanza aombwe radhi, ndipo pafungwe.

Ilikuwa nafasi ya kusema. Msikilizaji alikuwa mwanamke mmoja tu, wala si wa mtaa ule. Lakini mdomo wa Heriel ulikuwa umeshazoea njia yake.

"Hayupo," akajibu.

Bi Swaumu akafukia kifuko chake, akaenda zake. Jioni ile ile, mlio wa pete ukasikika tena. Ko. Ko. Ko. Haukutoka getini. Ulitoka ndani, nyuma ya rundo la masufuria.

Ndipo Heriel alipokwenda kuomba kibali cha bastola. Mnaweza kucheka, bastola na mzimu wapi na wapi? Lakini mtu mwenye hofu hununua kile kinachouzwa.

Duka la silaha lilikuwa ng'ambo ya Mnazi Mmoja, ghorofa ya chini, lina mlango mzito na feni ya kelele. Muuzaji, Abdulatif, aliipokea bahasha, akasoma kibali mara mbili, kisha akatandika taulo la kijani juu ya kioo na kuweka bastola mbili. Zote ndogo, zote zinajipakia risasi zenyewe, zote za stenlesi. Ya kwanza ya Mturuki, ya pili ya Mbrazili. Heriel, mtu wa masufuria, aliigonga kila moja kwa ukucha na kusikiliza, kama anavyopima bidhaa zake. Chuma kizuri, hakina kutu, kimeng'arishwa mpaka unajiona.

Abdulatif alieleza kwa utaratibu. Ya Mbrazili haina kufuli la kushusha kwa kidole. Ukiitoa, unavuta triga, risasi imetoka. Ya Mturuki ina kufuli dogo ubavuni, na usipolishusha kwa kidole gumba, hata ukivuta triga mpaka kesho, risasi haitoki. Mwenye haraka huchukua ya Mbrazili, alisema, na mwenye watoto nyumbani huchukua ya Mturuki.

Heriel alikuwa na haraka. Akainyanyua ya Mbrazili, akaigeuza kwenye mwanga.

Ubavuni mwa ile bastola akaona benchi lililokuwa nyuma yake. Kwenye benchi alikaa mzee wa kofia, amejifunga shuka jeupe toka mabegani mpaka kidevuni, kama mwenye maradhi ya koo.

Akageuka. Mzee alikuwepo kweli, ameinamisha uso. Heriel alidhani ni mgeni wa Abdulatif.

"Shikamoo," akasema.

Mzee hakuitikia marahaba. Feni ilizunguka, ikaleta harufu... karafuu maiti, ile wanayotiwa marehemu wakishaoshwa. Abdulatif alikuwa ameinama anatafuta boksi la risasi chini ya kioo.

"Chukua yenye kufuli," mzee akanong'ona. Sauti ilikwaruza, kama inapita mahali palipochanika. "Kufungua kunakupa taabu, bosi."

Heriel alitaka kumwangalia vizuri usoni na hakuweza, shingo ilikataa. Alirudisha ya Mbrazili juu ya taulo taratibu sana. Abdulatif alipoinuka na risasi zake, akamkuta mteja amebadili mawazo, anataka ya Mturuki, tena upesi. Alipomaliza kusaini na kugeuka, benchi lilikuwa tupu.

Akarudi Kariakoo karibu anakimbia. Magharibi ilishaadhiniwa. Alimruhusu Leticia aende, akavuta geti, akajifungia, akatia risasi kama alivyoelekezwa. Akakaa nyuma ya kaunta, pale pale alipochuchumaa siku ile, bastola ameielekeza kwenye rundo la masufuria. Leo agonge tu.

Masufuria yalinyamaza.

Ko.

Ilitoka getini.

Ko.

Pete. Angeijua sauti ile hata usingizini.

Ko.

Heriel aliinuka. Nje ya vyuma kilisimama kivuli chembamba, kimejifunika kichwa. Akaielekeza bastola kifuani pake, akafumba macho.

Akavuta triga.

Haikutoka. Akavuta tena, akaikamua kwa vidole vyote, na triga haikwenda popote.

"Shikamoo Baba Angela," kivuli kikasema. "Samahani kwa saa hizi. Mimi Badria, wa Mzee Mbaruku. Nimefuata tochi ya baba."

Kulikuwa na giza upande wa Heriel. Binti hakuona kitu kilichokuwa kimeelekezwa kwenye mtandio wake. Kidoleni alivaa pete ya baba yake, imezungushiwa uzi isimvuke.

Heriel akaangalia bastola. Kufuli lilikuwa halijashushwa. Kwa hofu alisahau kufungua, na kwa kusahau kule mtoto wa watu alikuwa hai. Akakaa sakafuni kati ya vifuniko vya masufuria, akalia kama aliyefiwa.

Alimfungulia geti. Kisha akamweleza yote: ufunguo, hatua sita, uongo. Alieleza akiwa ameangalia ndala za yule binti, maana usoni hakuthubutu. Badria alisikiliza mpaka mwisho, hakulia. Alichukua tochi ya baba yake juu ya kabati, akaifuta vumbi kwa khanga.

"Mimi nilikuwa najua baba yangu si mwizi," akasema. "Waambie uliowaambia."

Heriel aliapa kwamba Ijumaa watu wakitoka msikitini atasimama mtaani aseme. Hata Bi Swaumu, alipofuatwa aje kufukua kifuko chake, alimjibu hivyo hivyo. Zindiko lile lilifungwa kwa neno la Heriel, akasema, na jembe haliwezi kulitoa. Litatoka kwa neno lake, mbele ya wale wale waliosikia la kwanza.

Ijumaa ilipofika, Heriel alikuwa na homa. Ijumaa ya pili akasafiri Moshi, kulikuwa na kipaimara. Ya tatu alisimama mlangoni kwake kabisa, akamwona Anuari anatoka msikitini na kanzu yake nyeupe, akafungua mdomo... akamsalimia, akamwuliza bei ya vitenge. Aibu ilimpanda mpaka masikioni. Ni vigumu kumwambia mtu aliyekuheshimu miaka kumi na miwili kwamba wewe si yule. Akarudi ndani, na nyuma ya masufuria pete ikagonga mpaka Leticia akaomba kuacha kazi.

Alhamisi iliyofuata Heriel aliipeleka bastola kwa Abdulatif imuuzie. Hakutaka kuiona tena. Abdulatif alimwambia ana bahati, bidhaa za stenlesi zinaulizwa sana siku hizi.

"Hata mzee wako anaulizia," akasema.

"Mzee gani?"

"Yule uliyekuja naye siku ile, wa shuka jeupe. Jana ulipopita hapo nje na bajaji, yeye si aliteremka? Akaingia, akakaa pale." Abdulatif alionyesha benchi kwa kidevu. "Anaulizia ile ya Mbrazili. Isiyo na kufuli."

Feni ilizunguka. Heriel alishika ukingo wa kioo.

"Ukamwambiaje?"

"Nilimwambia ipo. Akasema niiweke mpaka kesho. Ijumaa ikipita kama zile nyingine, ataifuata."

Heriel hakusubiri kesho. Alitoka na kuiacha bastola juu ya taulo, akakata viwanja vya Mnazi Mmoja kwa miguu, koti linapepea, akaingia Mtaa wa Sikukuu adhana ya magharibi inamalizika. Mageti yalikuwa yanavutwa moja baada ya jingine. Alikwenda moja kwa moja kwa Anuari, akagonga kwa kifundo cha kidole.

Ko. Ko. Ko.

"Anuari, mimi Heriel. Nifungulie. Nina neno la Mzee Mbaruku."

Ndani taa ikazimwa.

Akagonga tena, akaita kwa jina. Nyuma ya geti alimsikia mtu anapumua kwa shida, kiganja kimeziba mdomo. Pumzi ile aliijua. Alisimama pale, paji la uso kwenye vyuma, akaelewa mzee wa watu alisikia nini jioni ile kabla hajakatwa.

"Mzee Mbaruku hakuwa nao," akaliambia geti. "Ufunguo ulikuwa mkononi mwangu. Niliogopa, halafu nikamsingizia."

Hakuna aliyejibu. Kikapita kijiupepo, na karafuu maiti ikanuka karibu kabisa na sikio lake.

"Kwa sauti, bosi," sauti ya mzee ikakwaruza. "Hawajasikia."

Heriel alisema kwa sauti. Kisha akaenda geti la pili, akagonga, akasema tena, akaenda la tatu. Isha iliadhiniwa angali anagonga, na mtaa mzima ulikuwa ndani, umekaa kimya, hakuna anayefungua.