Nyumba Iliyogeuzwa Kutazama Barabara

Kila siku, saa nane mchana ikikaribia, Mwashi alibeba kiti chake akahamia nyuma ya nyumba. Ndani hakukaliki. Madirisha makubwa ya mbele yalitazama magharibi, na kuanzia saa hizo jua liliingia hadi chumbani bila kubisha hodi. Paa lilikuwa la bati, chini yake hakuna dari. Juu ya bati kulikuwa na paneli nne za sola, na ukutani kiyoyozi, lakini umeme wa paneli hizo haukufua dafu mbele ya kiyoyozi hicho.

Mkewe alikuwa amefariki miezi saba iliyopita katika chumba cha mbele, mchana wa joto kali. Muuguzi alisema moyo wa marehemu ulikuwa umechoka siku nyingi. Mwashi aliitikia kwa kichwa tu. Moyoni aliamini kuwa nyumba ndiyo iliyommaliza, na nyumba aliijenga yeye.

Binti yake, mchora ramani za majengo, alikuwa amerudi kukaa naye. Meza ya chakula aliigeuza ofisi. Hapo alitengeneza kozi ya mtandaoni ya kuwafundisha mafundi namna ya kujenga nyumba inayozalisha, kwa mwaka mzima, umeme unaolingana na ule inaoutumia. Alitaka pasiwe na familia nyingine itakayoumia ndani ya nyumba mbaya. Hilo hakumwambia baba yake.

Watu sitini walijiandikisha. Kufika somo la pili walibaki watano. Binti alikonda kwa mawazo, na sahani yake ilirudi jikoni na chakula nusu.

Jirani yao, mama mmoja fundi umeme, alikuja kukagua betri. Binti akamwomba atazame somo la kwanza kwenye simu. Mama akatazama, akapiga miayo, akairudisha simu.

"Mwanangu, mimi umeme ndio unaonilisha, na bado usingizi umenishika. Umeanza na paneli na mahesabu. Nani huanza kujenga nyumba kwa juu, pale kwenye paa?"

Akavuta kiti, akaeleza. Kwanza ni nyumba yenyewe. Kuta ndefu zitazame kaskazini na kusini, zile fupi zipokee jua la asubuhi na la jioni. Kisha kivuli, matundu ya kupitisha upepo, na dari. Kisha taa na vifaa visivyokula umeme mwingi. Hapo ndipo unahesabu umeme uliobaki kuhitajika, na paneli zinakuja mwisho. Ukianza na paneli, utakuwa unalisha nyumba yenye njaa isiyoisha.

"Na kozi ifuate njia hiyo hiyo," alisema. "Video fupi, dakika tano, fundi asimalize bando lake. Kila somo jambo moja. Mwisho mpe kazi ya kufanya kwenye chumba chake mwenyewe. Lakini anza na nyumba ya kweli iliyokosewa, na mtu wa kweli aliyeikosea."

Mwashi alikuwa ameketi papo hapo mezani, akisikia. Wote watatu walijua ni nyumba gani. Mwashi alinyanyuka, akasema anakwenda kufunga bomba, na bomba lenyewe halikuwa limefunguliwa.

Siku tatu hakuzungumza la maana. Binti naye hakumgusia. Aliumia kumwona mzee amenywea vile, akaanza kutafuta nyumba ya mtu mwingine ya kuanzia somo.

Siku ya nne, saa tisa alasiri, Mwashi aliingia chumba cha mbele amevaa shati lililopigwa pasi. Akaketi ukingoni mwa kitanda.

"Washa hiyo kamera," alisema.

Mara ya kwanza alilaumu kiwanja, kwamba kilikaa vibaya. Akasita. Akamwambia binti afute, waanze upya.

"Mimi ni mwashi wa miaka thelathini," alisema safari hii. "Ramani ya nyumba hii ilichorwa na binti yangu, alipokuwa bado mwanafunzi. Aliilaza vizuri kulingana na jua. Mimi nilimcheka. Siku ya kupiga kamba za msingi niling'oa vigingi vyake, nikaigeuza nyumba ili madirisha yatazame barabara, wapita njia wayaone. Joto lilipotushinda, nikanunua kiyoyozi na paneli. Mke wangu alikuwa mgonjwa. Aliniambia chumba kinamchoma. Nikamwambia avumilie, nitaongeza paneli nyingine." Akafuta uso kwa kiganja. "Fundi mwenzangu, kabla hujachimba msingi, simama kiwanjani saa tisa. Tazama jua liko wapi. Uliza nani atalala upande huo."

Binti alizima kamera. Walilia pamoja, kila mmoja akimshika mwenzake mkono.

Baada ya hapo walirekebisha nyumba, na kila kazi ikawa somo. Mwashi alijenga baraza ya kukinga jua la magharibi, akaziba nusu ya madirisha kwa tofali, akatoboa matundu ya hewa juu ya kuta. Dari iliwekwa. Jirani alibadilisha taa na kupima umeme kila wiki. Kiyoyozi kilizimwa, kisha kikang'olewa. Mwaka ulipotimia, mita zilionyesha kuwa paneli zile zile nne zimezalisha umeme wote ambao nyumba ilitumia, na kidogo juu yake. Chumba cha mbele kilikuwa na ubaridi mzuri alasiri yote. Mwashi alikifagia kila siku, lakini hakulala humo.

Kozi nayo ilichangamka. Waliomaliza masomo yote walipita mia mbili. Jioni moja binti alimsomea baba yake ujumbe wa fundi mmoja wa mbali. Fundi huyo alikuwa ameshapiga kamba kwenye kiwanja chake. Alipoona somo la kwanza, alisimama kiwanjani saa tisa, akang'oa vigingi, akaigeuza nyumba.

"Anamjengea nani?" Mwashi aliuliza.

"Mama yake. Anasema ni mgonjwa."

Mwashi aligeuka kutazama mlango wa chumba cha mbele.

"Yuko hai?"

"Yuko hai, baba."

"Mwambie asichelewe kuezeka," alisema.