Mama Hajala Tangu Jana

Nyumbani kwetu mkate hukatwa saa kumi na mbili na nusu asubuhi. Mimi hukata, shangazi humimina chai. Siku hizo mama alikuwa akikaa mbele ya kikombe alichokifudikiza makusudi, ili mtu asije akamtilia kitu. Tuliishi hivyo kwa wiki saba, na kwa wiki saba sikumaliza kipande changu kwa amani.

"Wifi, leo tena unakula hewa?" shangazi aliuliza Jumamosi ya wiki ya saba.

"Kula chako uniache," mama alijibu.

"Chakula hakipiti kooni mtu akinikodolea macho namna hiyo."

"Basi kale uani."

Shangazi ni dada yake baba. Baba ni dereva wa lori na huonekana nyumbani siku chache tu kwa mwezi, kwa hiyo vita vyote hutuangukia sisi watatu. Mama na shangazi wana chumba cha ushonaji kando ya barabara, mkabala na zahanati. Shangazi hupima na kukata, mama hushona. Wakielewana, kazi yao haina mfano. Wasipoelewana, hata wateja hukosa pa kuangalia.

Mfungo wa mama ulianza kwa sababu mbili. Ya kwanza ilikuwa nzuri. Alikuwa ametimiza miaka arobaini na saba, magoti yalikuwa yanamuuma, na zahanati walimwambia ana kisukari, apunguze uzito. Ya pili ilikuwa mbaya. Wiki hiyohiyo shangazi alimpima kiuno kwa ajili ya gauni jipya, akaisoma namba kwa sauti mbele ya wateja wanne, kisha akacheka. "Wifi, kitambaa hiki si bora tushone pazia!"

Wateja walicheka pia. Mama hakucheka. Jioni alitangaza kwamba kuanzia kesho atakula mara moja tu kwa siku, jioni, mpaka afya imrudie na watu fulani wafunge midomo yao.

Kama ingekuwa njaa peke yake, ningenyamaza. Lakini kulikuwa na vidonge. Nilikuwa naye siku muuguzi alipompa. Nilimsikia akisema, "Mama, hivi unameza asubuhi ukishakula. Ukitetemeka, upate kitu cha sukari haraka uje hapa." Mama akavimeza kila asubuhi kama alivyoambiwa, isipokuwa hiyo habari ya kula.

Tuliporudi zahanati mwezi uliofuata, muuguzi aliuliza, "Unakula kabla ya dawa?"

"Nakula vizuri sana," mama alisema, huku akinifinya paja chini ya meza. Muuguzi alinigeukia. "Kweli anakula?"

"Kweli," nikasema.

Neno moja tu. Shuleni wananiita Redio kwa sababu sinyamazi, lakini siku hiyo Redio ilisema uongo na kuzima. Tangu hapo nilikuwa na hasira na mama, na hasira na nafsi yangu, na nilizitoa zote kwa kugonga milango.

Mama naye alibadilika. Zamani alikuwa mtu wa utani. Sasa ukidondosha kijiko ulitukanwa. Ikifika saa nne au saa tano jasho lilikuwa likimchuruzika hata kukiwa na baridi, na mikono ilikuwa ikitetemeka. Yeye aliyekuwa akitunga uzi kwenye sindano huku akizungumza na mteja alianza kunipa mimi nimtungie.

"Mama, si muuguzi alisema ukitetemeka..."

"Huu ni umri," alinikatiza. "Wanawake wa rika langu hutokwa na jasho. Subiri ufike arobaini na saba ndipo unifundishe. Na ukimwambia mtu habari za vidonge vyangu, utanitambua!"

Shangazi hakujua lolote kuhusu vidonge. Mama alikuwa amevificha ndani ya mkebe wa vifungo ili asichekwe mara ya pili.

Jumamosi hiyo tulifungua chumba saa mbili. Kulikuwa na sare za shule thelathini za kumaliza. Shangazi alikuwa akikata, mimi napasi kola, na mama yuko kwenye cherehani. Kufikia saa tano shangazi aliinua shati moja na kuliangalia mbele na nyuma.

"Wifi, mtoto gani ana mikono miwili ya kushoto?"

Mama aliendelea kushona.

"Nauliza wewe! Na hili hapa umeshonea mkono shingoni. Njaa imekupanda kichwani?"

Mama aliinuka kwa kishindo, kigoda kikaanguka. Alimtukana shangazi maneno ambayo siwezi kuyaandika humu. Akamwita mchawi. Akamwambia ahame nyumbani kwake leo hii. Kisha alirusha mkasi, ukagonga ukuta karibu na kichwa cha shangazi.

Mteja aliyekuwa mlangoni alitoweka. Shangazi alivua futi yake ya kupimia shingoni, akaiweka mezani polepole.

"Nimechoka," aliniambia. "Mwache na kiburi chake. Hasira zikimwisha atanitafuta mwenyewe." Akachukua mkoba wake, akatoka.

Mama aliketi tena. Mguu wake ulianza kukanyaga, cherehani ikaenda, lakini haikuwa na uzi wala kitambaa. Sindano ilikuwa inapanda na kushuka bure. Nilimshika bega. Nguo yake ilikuwa imelowa.

"Mama."

Aliniangalia kwa muda mrefu. "Wewe ni mtoto wa nani?" aliuliza.

Niliogopa kuliko nilivyowahi kuogopa maishani mwangu. Nilitoka mbio barabarani, nikamshika shangazi mkoba akiwa anavuka.

"Niache na wewe!" alifoka.

"Shangazi, mama hajala tangu jana! Amemeza dawa ya kisukari na hajala! Kila siku anafanya hivyo! Hanijui, shangazi, hanijui!"

Alisimama. "Dawa gani?"

"Ya kisukari! Yuko na vidonge, kavificha!"

Sijawahi kumwona shangazi akikimbia kabla ya siku hiyo wala baada yake. Alifika kabla yangu. Nilichukua sukari yetu ya chai kwenye rafu, nikakoroga vijiko vinne kwenye maji, na shangazi akamshika mama kichwa na kumnywesha taratibu. "Kunywa, wifi. Nitukane ukitaka, ila kunywa." Kisha alimkumbatia kiunoni, kiuno kilekile alichokicheka, akamvusha barabara hadi zahanati.

Muuguzi alimtoboa kidole, akatazama kipimo, akafanya kazi yake huku mimi na shangazi tukimweleza habari yote, hata ile ya kucheka kiuno. Mama alipopata fahamu vizuri na kumaliza chai na mkate, ndipo muuguzi alipotugeukia. Hakuwa na tabasamu.

"Nani aliniambia mama huyu anakula?"

Nilikiri. "Mimi."

"Ungemzika," alisema. "Unanielewa? Sukari ikishuka hivi mtu huanguka asiamke. Waswahili husema mficha maradhi kifo humuumbua, na ninyi mmekuwa wawili mnaoficha."

"Usimgombeze," mama alisema kwa sauti ya chini. "Mimi ndiye niliyemfinya."

"Basi nakugombeza wewe. Kufunga si kosa. Wapo wanaofunga kwa ajili ya afya na kukawafaa. Lakini anayetumia dawa hizi hafungi kwa siri. Anakuja hapa, daktari anatazama dawa, tunapanga pamoja. Kuanzia leo unakula asubuhi mpaka daktari aseme vinginevyo. Na hilo jasho unaloliita umri, ungetuletea sisi tulipime." Akamgeukia shangazi. "Na wewe, anayejaribu kupungua hachekwi."

Shangazi alitazama sakafu. "Nilidhani ni kiburi, wifi," alisema.

"Nusu kilikuwa kiburi," mama alijibu. "Na wewe ndiye uliyekipalilia."

Hawakukumbatiana. Shangazi alisema anarudi kufumua ile mikono ya kushoto, akaondoka. Mama aliniita nikae kitandani kando yake.

"Nilikufundisha uongo," alisema. "Nisikilize sasa. Mtu mzima akikuomba umfichie ugonjwa, kataa, kamwambie anayeweza kusaidia. Hata akikufinya. Hata akikuambia utamtambua. Hata kama mtu huyo ni mimi."

"Nimesikia," nikasema. Kisha machozi yakanitoka. "Lakini bado nimekukasirikia, mama."

"Kasirika, mwanangu," alisema. "Nipo. Kasirika mpaka utosheke."