Muhuri Mwekundu wa Chuo cha Selasi

Sikilizeni kisa hiki, nyinyi wenye watoto wa kusomesha.

Asubuhi moja mjini Ho, nchini Ghana, Dzigbodi alikuwa uani akisonga akple, ule ugali wa kwao, huku akiimba. Binti yake Selasi alikuwa kando yake, akikata bamia za mchuzi. Barua ya chuo ilikuwa imefika jana yake, na nyumba nzima ilichangamka kama kuna harusi. Selasi amepata nafasi ya kusomea uuguzi! Dzigbodi, ambaye ni fundi cherehani, alikuwa ameshakata kitambaa cha sare kabla hajaambiwa mshono wake.

Ndipo akaingia wifi yake, Enyonam, muuguzi wa miaka mingi. Akaisoma barua, akaigeuza, akaisoma tena.

"Wifi, chuo hiki kina ithibati?"

"Kina ghorofa mbili na basi jipya," akajibu Dzigbodi.

"Sijauliza basi. Nauliza kama baraza la wauguzi limekikagua likakikubali. Walimu wake, maabara yake, hospitali ya mazoezi. Bila hivyo mtoto hataruhusiwa kufanya mtihani wa leseni."

"Cheti nimekiona kwa macho yangu, ukutani kwa mkuu wa chuo, kina muhuri mwekundu hivi. Au inakuuma kwamba sasa hutakuwa nesi peke yako katika ukoo huu?"

Enyonam alimrudishia barua yake. Aliaga, akaondoka bila kuonja akple.

Jamani, swali lile lilihitaji safari moja tu ya kwenda ofisi ya baraza, tena mji ule ule. Dzigbodi hakwenda. Alikuwa na hamu kubwa ya kumwona mwanawe ndani ya nguo nyeupe, na majirani walishaanza kumwita Mama Nesi. Jina lile lilimlevya.

Selasi akasoma kwa bidii miaka miwili na zaidi. Ulipofika wakati wa kujiandikisha kwa mtihani wa leseni, akarudi nyumbani mchana na begi lake lote.

"Mama, jina langu halipo. Hakuna hata mmoja wetu aliyemo. Karani wa baraza anasema chuo chetu hakijulikani kwao."

"Na kile cheti?"

"Leo nimekisoma, Mama. Ni cha kusajili kampuni. Kinawaruhusu kufanya biashara tu. Hakuna mahali kinaposema wanaruhusiwa kufundisha uuguzi."

Dzigbodi akakumbuka siku ile kwa mkuu wa chuo. Aliangalia muhuri, maneno hakuyasoma. Akajifunga kitenge, akaenda moja kwa moja kwa wifi yake.

"Wifi, nilikutukana."

"Ulinitukana kweli. Ingia ndani. Selasi yuko wapi? Vyuo vinafunga maombi mwezi ujao."

Kesho yake wote watatu walikuwa ofisi ya baraza kabla mlango haujafunguliwa. Orodha ya vyuo ilikuwa imebandikwa ubaoni. Kidole cha Selasi kikashuka jina baada ya jina, mama yake akipumua shingoni mwake, mpaka kikasimama kwenye chuo kimoja cha mji wa Hohoe.

Safari hii Dzigbodi ndiye aliyemwendea karani. "Ithibati ya hawa inaisha lini?"

Karani akatabasamu. "Walikaguliwa mwaka jana, Mama. Bado wana miaka minne. Ungejua ni wangapi wasiouliza."

Selasi akaomba, akaitwa kwenye usaili. Siku simu ya Selasi ilipolia, Dzigbodi aliacha cherehani ikizunguka yenyewe.

"Wamenichukua, Mama. Lakini naanza mwaka wa kwanza. Yale niliyosoma hawayahesabu."

"Anza, mwanangu. Anza leo hii."

Wakacheka na kulia pamoja. Kisha Selasi akaketi na simu yake, akawapigia wenzake wa chuo kile mmoja mmoja, akiwaeleza ofisi iko wapi na waulize nini. Tisa wakamfuata Hohoe. Wengine waliona haya kuwaambia wazazi wao, nao wakachelewa kuomba.

MAFUNZO

Ndugu zangu, kusajiliwa si kupewa ithibati. Usajili unasema kampuni ipo. Ithibati inasema wenye ujuzi wamekwenda, wamekagua, na wamekubali kazi inayofanyika pale, tena kwa muda maalumu. Kabla ya kumpeleka mtoto chuoni, au mgonjwa maabara, ulizeni nani amepaidhinisha mahali hapo, kwa kazi gani, na mpaka lini. Jibu mlitafute kwa aliyeidhinisha, msitegemee ukuta wa anayejisifu. Na anayewauliza swali hilo msimwite mwenye wivu. Selasi ni muuguzi leo, lakini ile miaka miwili na zaidi hakuna aliyemrudishia.