Alama Hazilingani

"Shuka limelowa."

Maneno mawili tu ya Mkuu kwenye redio ya sikioni. Nge, kama alivyoitwa kazini, akaiacha chai yake, akafungua kompyuta yake ya ThinkPad.

Maana yake: mtambo wa maji wa mji mzima umeingiliwa. Ingia kwa mbali, funga vali za klorini, dawa ya maji ambayo ikizidi ni sumu. Nenosiri la vali hizo alikuwa nalo yeye peke yake, jasusi wa miaka kumi na moja kazini.

Akaandika amri. Akabonyeza.

Seva, kompyuta kuu ya mtambo, ikakataa.

*Utambulisho wa seva umebadilika. Alama hazilingani. Muunganisho umesitishwa.*

Simu ikaita papo hapo. Alikuwa mume wa dada yake, fundi wa kompyuta wa idara yao ya ujasusi. Ndiye aliyemwingiza kwenye kazi hii.

"Shem, seva imekukatalia? Ni kawaida, tumeibadilisha jana. Fungua faili ya mipangilio. Kwenye ukaguzi wa seva weka 'hapana', halafu futa alama ya zamani. Utaingia tu."

"Nani kakwambia imenikatalia?"

Shemeji akapandisha sauti.

"Shem, watu watakunywa sumu! Fanya haraka!"

Nge akakata simu. Akampigia mhandisi wa mtambo, mama wa makamo.

"Mama, nisomee alama ya utambulisho ya seva yako. Herufi moja moja."

"Ngoja nivae miwani, mwanangu."

Akasoma taratibu, kama anayemsomea mgonjwa barua. Ilikuwa alama ile ile ya siku zote. Ya kwenye skrini ilikuwa nyingine kabisa.

"Mlibadilisha seva jana?"

"Nani aiguse na mimi nipo? Hata vali zangu zimetulia tuli."

Nge akageukia redio. "Mkuu, nani alileta taarifa ya kuingiliwa?"

"Shemeji yako."

Akafungua faili ya mipangilio. Jina la muunganisho lilikuwa lile lile, *maji*. Anwani chini yake ilikuwa imebadilishwa: 192.168.3.40.

Haikuwa anwani ya mtambo.

Ilikuwa ya jengo hili hili la idara. Ile 3 ni ghorofa ya tatu, ile 40 ni chumba cha mitambo ya AC.

Angeweka "hapana", angewakabidhi watu wasiojulikana nenosiri lake. Na wao ndio wangefungua klorini.

Akachomoa bastola yake ya Glock. Akashuka ngazi mbili mbili.

Chumba kilikuwa kimefungwa. Teke moja, mlango chini.

Wageni wawili wenye vitambulisho vya mafundi. Mmoja akaruka kuelekea begi. Risasi ikalipasua begi kabla mkono haujafika.

"Kaeni chini."

Wakakaa.

Wa tatu hakuinuka. Shemeji yake alikuwa mbele ya kompyuta, vidole bado kwenye kibodi.

"Waliniahidi hati za kuishi nchini kwao," alisema. "Mimi, dada yako, watoto."

"Na maji wangekunywa nani?"

Shemeji akaanza kulia bila sauti. Walinzi wakaja kuwachukua wale wawili, lakini huyu Nge akamfunga pingu mwenyewe. Hakutaka mwingine amguse.

Alirudi juu, akairudisha anwani sahihi, akaacha ukaguzi kwenye "ndiyo". Alama zikalingana. Akaingia, akabadilisha nenosiri, akatoka.

"Kazi safi," Mkuu alisema redioni. "Nitamtuma mtu akamwambie dada yako."

"Hapana. Nitakwenda mimi."

Akaichomoa redio sikioni, akaiweka mezani. Akavaa koti, akatoka kwa mwendo wa kawaida, akimsalimia mlinzi kwa jina lake.